Kete ya Meza ya Sita

Ujumbe uliingia saa tatu kasoro robo asubuhi, Subilaga akiwa anafuta ukungu kwenye kioo cha mlango wa ghala. Maktaba ya Bonde la Mbaka imejengwa ubavuni mwa mlima, na ikifika Januari mawingu huingia ndani bila kubisha hodi. Simu ilitetema mara moja mfukoni mwa koti lake la kazi, kama mtu anayekohoa kwa adabu.

*Kete 417. Zimebaki siku tatu.*

Aliusoma mara mbili. Kisha akahesabu kwa vidole, polepole: Aprili, Mei, Juni, Julai. Kete 417 ilikuwa ya tarehe kumi na nne Aprili, kwa hiyo siku zake tisini zilikwisha Julai. Kwa hesabu yoyote ile ilipaswa kuwa imepoa zamani na kubaki kijiwe cha kawaida.

"Siku tatu za wapi tena?" aliuuliza mlango, akaufungua.

Ghalani kulikuwa kimya na vuguvugu kama jikoni baada ya watu kula. Kete zililala kwa mamia kwenye rafu, kila moja ndani ya kishimo chake. Zilikuwa vijiwe vya kioo, vikubwa kiasi cha mbegu ya parachichi, vingine vimefifia kuwa kijivu, vingine bado vinawaka rangi ya chungwa kwa ndani. Kila kete ilikuwa siku moja mbaya ya mtumishi mmoja wa maktaba.

Zake mwenyewe zilikuwa kumi na tisa. Ya juzi ilikuwa bado ya moto. Juzi mwanaume mmoja alimpigia meza na kumwita mjinga mbele ya wanafunzi kwa sababu mtandao ulikatika. Baada ya kufunga, Subilaga aliketi kwenye Tuo, kile kiti cha mninga kilichopelekwa kila maktaba nchini, akatumbukiza viganja ndani ya mabakuli yake mawili na kufumba macho. Zilipita dakika tano. Kitu kikalia *tik* ndani ya kiti, na kete ikadondoka kwenye sahani, ina joto kama yai lililotoka kutagwa. Tuo haichukui kumbukumbu. Huchukua uzito tu, ule unaokaa kifuani na magotini. Ukisimama unakumbuka kila neno uliloambiwa, ila magoti hayatetemeki.

Uzito wenyewe hauendi mbali. Kete na mwenye kete hubaki wameunganishwa kwa uzi ambao hata mafundi hawajawahi kuuona, na maadamu kete ina moto, mwenyewe huvutwa. Siku ndogo hupoa kwa wiki moja. Siku kubwa hupewa tisini za kulala ghalani. Ikifika ya tisini na kipimo hakijashuka chini ya arobaini, uzi hufunguka na uzito wote uliobaki humrudia mwenyewe kwa mkupuo, awe sokoni au bafuni.

Kishimo cha 417 kilikuwa kitupu.

Subilaga alikipapasa kwa kidole, kana kwamba macho yake yangeweza kuwa yamekosea. 

"Wameiba," alinong'ona. "Wameiba siku ya Dada Itika."

*

Kaunta ilikuwa na viti viwili. Kimoja kilikuwa hakijakaliwa tangu Mei.

Alifungua orodha kwenye skrini, na maelezo aliyoyaandika mwenyewe yakajitokeza. *417. Siku ya Itika, mhudumu wa kaunta. Kifo cha msomaji, Mwalimu Kajuni, meza ya sita. Kete moja, rangi ya chungwa. Uzito wa kuanzia: 940.*

Kete za kwanza zilipoanza kutoka hapakuwa na mwongozo wowote wa kuzitunza. Subilaga alisomea uorodheshaji chuoni, na hawezi kuona kitu kisicho na namba akalala usingizi. Basi alizipa namba, mada, maelezo na mahali pa rafu, kwa mwandiko wa moyo wote. Alisahau kisanduku kimoja tu kidogo, chini kabisa, ambacho mashine hukijaza yenyewe usipokigusa. Na mashine ya maktaba huanza kwa kudhani kwamba kila kitu kipo ili kitoke.

*Matumizi: huazimwa.*

Chini yake palikuwa na mistari mingine. *Imeazimwa mara ishirini na saba. Inarudi leo. Wanaosubiri: 112.*

Kando ya kila tarehe mashine ilikuwa imepima uzito wakati wa kurudishwa. 940 ilikuwa imekuwa 916. Halafu 895. Halafu 869. Namba zilishuka ngazi kwa ngazi, wiki kwa wiki, tangu Julai, mpaka Jumanne iliyopita: 332. Ilikuwa imelala ghalani siku themanini na saba bila kupoa hata kidogo, na tangu Julai hesabu ilisimama kwa sababu kete ilikuwa hailali ghalani. Ilikuwa inalala kwenye nyumba za watu.

Alikaa sakafuni nyuma ya kaunta.

"Ugonile, mwanangu," sauti ilimsalimia kwa lugha ya kwao kutoka juu yake. "Mbona uko chini? Umeanguka?"

Alikuwa Mama Tumpe, mchuma chai mstaafu anayekuja kila wiki kusoma vitabu vya kilimo na kubishana navyo kwa sauti. Alikung'uta mwavuli, akatoa kwenye kikapu kopo la majani ya chai lililojazwa pamba, na katikati ya pamba palikuwa na kete.

"Nimerudisha. Kile kidirisha cha mashine leo kimegoma kuipokea. Safari hii haikunisumbua sana. Siku mbili za mwanzo tu mikono ilichoka, nikashindwa hata kumenya ndizi. Halafu ikatulia."

"Safari hii?" Subilaga aliinuka kwa kushika kaunta.

"Ya pili. Mimi ndiye niliyeanza, hukujua?" Mama Tumpe aliketi bila kukaribishwa. "Nilikuja kutafuta kitabu alichokuwa anasoma marehemu Mwalimu, nikimalizie. Kukiacha katikati kulinikereketa. Nikaandika jina lake kwenye mashine, mashine ikaniletea hii. Nikasema, kumbe maktaba nayo inaweka matanga! Haya, na mimi nikae nayo wiki nimhani yule binti wa watu."

"Ukamwambia nani?"

"Wanakwaya tu."

"Wote?"

"Mwanangu, wanakwaya unawajua."

Subilaga aliiweka kete kwenye mizani ya kaunta. 310. "Mama, hii haikutakiwa kutoka ghalani. Ni siri ya Dada Itika. Ni kosa langu, nilisahau kisanduku."

"Kosa?" Mama Tumpe alianza kucheka, akaona uso wa Subilaga, akaacha. "Sisi tulidhani ndio utaratibu wenu. Tukasema leo serikali imefikiri."

"Mnaona nini mkiishika?"

"Hatuoni. Unakuwa na mikono yake. Uzito wenyewe unakujulisha alichokijua siku ile." Mama Tumpe alitazama pembeni, dirishani, ambako hapakuwa na kitu isipokuwa ukungu. "Kilichomo hatukizungumzi. Hata wanakwaya."

Alipoondoka, skrini ilitoa mlio wa zamu inayofuata. *Msomaji anayefuata: Gwakisa Kajuni. Ataichukua kesho asubuhi.*

Subilaga alilijua jina hilo. Bonde zima lililijua. Ni mtoto wa Mwalimu, aliyekuja siku tano baada ya mazishi, akasimama katikati ya ukumbi na kumwambia Itika mbele ya wasomaji arobaini: "Ulimwacha baba yangu kwenye kiti kama koti la mtu aliyesahau." Itika alifanya kazi wiki nne zaidi, akiwa hawezi kuvuka ukumbi kufika meza ya sita. Vitabu vya upande ule alimwomba Subilaga amsaidie. Kisha asubuhi moja alifika mlangoni, akasimama na ufunguo mkononi kwa nusu saa, akarudi nyumbani.

*

Fundi Rukia wa ofisi ya kanda alijitokeza kwenye skrini anatafuna karanga.

"Weka chini ya lenzi nione," alisema. "Kete haipungui kwa kuazimwa. Mtakuwa mmeikwangua."

Subilaga aliiweka. Picha ikakua mpaka ikajaza skrini.

Kete hutoka kwenye Tuo ikiwa laini kabisa. Hii ilikuwa na pete ndani yake. Pete nyembamba, moja ndani ya nyingine, kama zile unazoziona kwenye kisiki cha mti uliokatwa leo, kila moja na rangi yake kidogo: moja ya asali, moja ya moshi, moja ya kijani cha chai mbichi. Mwanga wa chungwa ulipita katikati yake kwa shida, ukilainishwa na kila pete, kama taa inayoonekana nyuma ya mapazia mengi. Subilaga alizihesabu huku midomo ikimcheza. Zilikuwa ishirini na saba.

Fundi Rukia aliinama kuelekea lenzi yake.

"Nimetengeneza kete miaka kumi na moja," hatimaye alisema, sauti imeshuka. "Tuliwapa watu mia mbili maabarani wazishike za wenzao. Hawakuhisi chochote. Ni kama kumpa mtu ufunguo wa nyumba ya mwingine. Tukaandika kwenye ripoti kwamba haiwezekani."

"Hao wa maabara walijua ni siku za nani?"

"Hapana. Tulificha majina. Lazima yafichwe."

"Mimi niliandika," Subilaga alisema, karibu asisikike. "Jina. Meza ya sita. Kila kitu."

Fundi alimtazama. Alikuwa ameacha kutafuna.

"Kwa hiyo wanajua wanabeba cha nani," alisema taratibu. "Mungu wangu. Kumbe anayeibeba alitakiwa kujua ni ya nani tu." Alijifuta uso kwa kiganja, na aliporudi alikuwa mtumishi tena. "Sikiliza, mdogo wangu. Sheria iko wazi, kete ni siri ya mtumishi. Unatakiwa uifunge leo."

"Nikiifunga italala ghalani. Zimebaki siku tatu."

"Ndiyo."

"Na mia tatu na kumi zinamrudia Dada Itika kwa mkupuo. Zitamfanya nini?"

"Wa mwisho niliyemwona amerudishiwa kiasi hicho hakuingia tena kwenye jengo lenye vitabu. Wala hakutoka sana nyumbani."

"Na nisipoifunga, kesho anaichukua Gwakisa."

"Mtoto wa marehemu? Yule aliyemtukana?"

Subilaga alitikisa kichwa kukubali. Kilichomuuma ni kwamba njia zote mbili zilikuwa za kumuumiza mtu yule yule, na kidole cha kuchagua kilikuwa chake.

"Si yako hiyo kete," Fundi Rukia alisema, kwa upole zaidi kuliko Subilaga alivyotarajia. "Wala si yangu. Ripoti naiandika kesho saa sita mchana. Kabla ya hapo mimi sijaona kitu."

*

Alitundika mlangoni tangazo la *Tutarejea baada ya chakula cha mchana* na kupanda njia ya migombani. Sentensi ya kwanza aliifanyia mazoezi njia nzima, na alipofika ilikuwa imemtoroka.

Itika alikuwa barazani, anachambua maharage kwenye ungo na kuimba chini chini. Subilaga alikuwa hajamsikia akiimba tangu Aprili.

"Subi! Pita ndani, unalowa. Uso wako una nini?"

"Dada Itika, nimefanya kosa." Alilisema lote akiwa amesimama kwenye mvua: kisanduku, Mama Tumpe, wanakwaya, pete. Vidole vya Itika viliacha kuchambua.

"Ulinipa namba," alisema.

"Mia nne kumi na saba."

"Na mada?"

"Kifo. Wasomaji. Watumishi wa maktaba."

"Mada tatu. Kwa kete moja." Sauti yake ilikuwa imetulia kwa namna ya kutisha. "Ni kina nani waliichukua?"

"Dada, hatuambii watu wasomaji wameazima nini. Mama Tumpe amejitaja mwenyewe."

"*Sasa* ndio unakumbuka siri!" Itika alisukuma ungo, maharage yakatawanyika barazani. Alisimama, akampa mgongo, mikono imeshika nguzo. Mabega yalimpanda na kushuka. Subilaga alitamani ardhi immeze, lakini hakuondoka.

"Nilimwona saa nne," Itika aliiambia mvua. "Hilo sikumwambia mtu. Kichwa kimeinama, kitabu kiko wazi. Kanuni inasema msomaji asilale mezani. Mimi nilikuwa namwachia, kila siku, dakika ishirini. Alikuwa mzee wa watu, anakunja miwani yake vizuri kabla ya kusinzia. Siku ile nikasema moyoni, mwache apumzike. Nikaja kuinuka saa tano." Alishika nguzo upya. "Dakika arobaini nilisukuma kifua chake. Ndege ya wagonjwa ilizunguka juu ya ukungu, naisikia, haioni pa kutua. Muda wote nafikiri saa nne, saa nne. Na wote hao wanajua?"

"Wanajua."

"Watu ishirini na wangapi?"

"Ishirini na saba. Mama Tumpe ni mara mbili, kwa hiyo ishirini na sita. Na mia moja na kumi na wawili wanasubiri."

Itika aligeuka. Hasira ilikuwa bado iko usoni, lakini kitu kingine kilikuwa kinaipenya kwa nyuma, kama ule mwanga ndani ya kete.

"Agosti Mama Tumpe aliniletea mkungu wa ndizi," alisema polepole. "Nikamuuliza wa nini, akasema zimezidi. Yule fundi viatu, alisimama barabarani akanishika mkono kwa mikono miwili, hakusema kitu. Mke wa mchungaji. Kijana wa duka la dawa... Subi, nilidhani ni mimi ninapona." Aliketi chini katikati ya maharage. "Walijua nilimwona, na wakanisalimia."

Subilaga alipiga magoti, akaanza kuokota punje moja moja, maana mikono ilihitaji kazi. Kisha akamwambia lililobaki: siku tatu, mia tatu na kumi, jina la anayefuata, na ripoti ambayo fundi wa kanda ataiandika kesho saa sita.

Itika naye aliokota mpaka ungo ukajaa nusu.

"Ukisema nifunge, nafunga sasa hivi," Subilaga alisema. "Ukisema nimwondoe yeye tu kwenye foleni, nitamwondoa, na nitaandika jina langu kwamba ni mimi. Chochote utakachosema. Nilipaswa kukuuliza tangu mwanzo."

"Ulipaswa." Itika alichukua ungo kutoka mikononi mwake. "Nenda kazini, mdogo wangu. Tangazo lako linasema utarejea."

*

Kesho yake saa mbili kasoro, Gwakisa Kajuni alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, mvua inamchuruzika. Subilaga alimfungulia. Alipogeuka kuelekea kaunta, alisimama ghafla. Kiti cha pili kilikuwa na mtu.

Itika alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma. Amevaa koti lake la kazi, limepigwa pasi. Kete ilikuwa mbele yake kwenye mizani.

Gwakisa alisimama hatua tatu kutoka kaunta kama vile kuna mto katikati.

"Shikamoo, dada," alisema, akitazama kofia yake.

"Marahaba. Unataka hii?"

"Nataka kujua baba alikufaje. Watu wanaoiazima wananitazama vizuri kuliko ninavyostahili. Nikajua kuna kitu sikijui."

"Kipo. Nisikie mimi kwanza, usikisikie kwa jiwe." Itika aliweka viganja viwili juu ya kaunta. "Nilimwona saa nne, kichwa kimeinama. Nikadhani amelala, nikamwachia. Nilikuwa namwachia kila siku. Siku ile pia. Niliinuka saa tano."

Subilaga alisikia saa ya ukutani. Alisikia matone yakidondoka kutoka kwenye kofia.

"Nyumbani alikuwa halali," Gwakisa alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika. "Tangu mama atutoke. Usiku kucha anatembea, tunamsikia. Asubuhi anavaa koti, anasema, naenda maktaba kupumzika. Tulikuwa tunamcheka. Nani anakwenda maktaba kupumzika?" Alijifuta macho kwa mkono wa koti. "Kumbe alikuwa na maana hiyo hiyo."

Itika alinyoosha mkono. "Kadi."

Gwakisa alimpa. Itika aligonga muhuri, na mlio wake uliujaza ukumbi. Kisha akaichukua kete kwenye mizani kwa mikono yake mwenyewe, akaiweka kwenye kiganja cha Gwakisa, na wala hakuondoa mkono wake haraka.

Kete iliwaka. Haikuwa chungwa tena bali nyeupe, mpaka mifupa ya mikono yote miwili ikaonekana ndani ya nyama, na kwenye skrini namba zikaanza kukimbia: 310, 287, 240, 195. Gwakisa alipiga magoti kimya kimya, kipaji cha uso kikagusa ukingo wa kaunta, na mikono yake ikaanza kusukuma hewa, taratibu, kwa mapigo, kama mtu anayekibembeleza kifua kirudi. 130. 92. Mwanga ukashuka. Namba zikapunguza mwendo na kusimama kwenye 58, na ukungu dirishani ukarudi kuwa ukungu tu.

"Siku saba," Itika alisema. "Siku ya pili ni nzito kidogo. Usikae peke yako."

"Nitairudisha mwenyewe," Gwakisa alisema, akaondoka akiwa ameifunika kete kwa kofia isilowe.

Itika alivuta skrini upande wake, akaenda mpaka kisanduku cha chini kabisa, akaandika kwa kidole kimoja: *Huazimwa. Muulize mwenyewe kwanza.* "Hiyo mpelekee fundi wako kabla ya saa sita," alisema.

Kisha aliinuka, akatoka nyuma ya kaunta, akauvuka ukumbi. Alitembea kama mtu anayejaribu barafu, ila alifika. Alivuta kiti cha meza ya sita, akakikalia, akaweka mikono mezani na kichwa juu ya mikono. Baada ya muda mabega yake yalilegea, na akalala.

Kanuni inasema msomaji asilale mezani. Subilaga alitazama saa ya ukutani, akamwachia dakika ishirini. Lakini kila baada ya dakika mbili aliinuka kwenye kiti chake, akapita karibu na meza ya sita kwa nyayo nyepesi, akainama, akasikiliza pumzi.